Picha za Jamaa Zilizopigwa Uwandani

Watu wengi wakiitazama picha ya zamani hutafuta sura tu. Huuliza huyu ni nani, na yule mtoto ni wa nani, na akiisha kujulikana kila mmoja picha hurudishwa sandukuni. Wako na wengine, na hawa wamezidi siku hizi hasa katika vijana, ambao hawaamini kuwa ndani ya picha pana kitu cha bure: ua likiwa mkononi ni fumbo, mbwa akiwa miguuni ni fumbo, mkono ukiwa begani ni fumbo. Sisi twaona kuwa makundi yote mawili hupitwa na mengi, la kwanza kwa kutotazama, na la pili kwa kutazama kisichokuwapo.

Twataka kuzungumza hapa juu ya picha za jamaa zilizopigwa nje, penye majani na mifugo na mbingu, katika zama ambazo picha bado ilikuwa jambo la ajabu kwa watu. Mwanafunzi wetu mmoja wa zamani, ambaye sasa anakaa na mkewe na watoto wake Omaha, katika jimbo la Nebraska huko Marekani, alituletea kitabu kikubwa cha picha za namna hii. Maelezo yake yameandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chetu ni kile cha shule ya msingi, basi binti yetu akawa akitusomea kila jioni baada ya Isha, hata mama yake akatuuliza kama tumepata jamaa wapya huko Marekani. Na kwa kweli watu wale tumewazoea kama jamaa.

Twajua kuwa katika wasomaji wako watakaouliza kwanza juu ya hukumu ya picha yenyewe. Wanazuoni wamehitilafiana, na hitilafu hiyo haikwisha. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala akasema kuwa picha ya kamera ni kukizuia kivuli cha kitu, wala si kuumba mfano wake. Wako waliomfuata na wako waliomkataa, na kila mtu ana mwalimu wake wa kumwuliza. Sisi hapa twazungumzia picha ambazo zimekwisha pigwa, na waliomo ndani yake wamekwisha kuwa udongo zamani.

Mpiga picha wa kitabu hiki aliitwa Solomon Butcher. Alizaliwa mwaka 1856, akafika Nebraska pamoja na babake mwaka 1880 kutafuta ardhi. Ukulima ulimshinda upesi, akaenda kusomea utabibu, nao akauacha. Mwaka 1886 ilimjia fikira ya kuandika historia ya wilaya ya Custer kwa njia ya picha, akapakia mashine yake na mabamba ya vioo katika gari la farasi, akawa akizunguka nyumba kwa nyumba. Jirani zake walimwona kuwa ni mtu mvivu aliyetafuta hila ya kukimbia jembe, na huenda hawakukosea sana. Lakini aliacha mabamba zaidi ya 3,000. Mwaka 1899 nyumba yake iliungua, vikateketea vingi alivyokuwa navyo, ila mabamba yalisalimika kwa kuwa yaliwekwa mahali pengine. Kitabu chake cha historia alikitoa mwaka 1901, naye akafariki mwaka 1927.

Nchi yenyewe ni uwanda wa majani usio na miti ila kidogo mabondeni. Serikali ya Marekani ilitoa sheria mwaka 1862 ya kuwapa watu ekari 160 kila mmoja, kwa sharti akae miaka mitano, ajenge na alime. Kwa kuwa hapakuwa na mbao, walikata ardhi kwa plau, wakatoa mabonge marefu yenye majani na mizizi iliyoshikana, wakayapanga kama matofali, majani yakielekea chini, mpaka ukuta ukawa na unene wa futi mbili au tatu. Nyumba hizo zilikuwa na joto wakati wa baridi na ubaridi wakati wa joto, lakini mvua ikinyesha ziliendelea kuvuja hata baada ya mawingu kwisha. Aliyelala katika nyumba ya udongo yenye makuti yaliyochakaa hahitaji kufasiriwa jambo hili.

Basi sababu ya kwanza ya jamaa hawa kupigwa picha nje si fumbo lo lote: ni mwanga. Nyumba zile zilikuwa na madirisha madogo na kuta nene, na ndani mlikuwa giza. Mpiga picha hakuwa na hila nyingine ila kuwatoa wote uani. Hili lapaswa kutangulizwa kabla ya kusema mengine. Sisi katika darasa za balagha tulifundishwa kuwa neno huchukuliwa kwa maana yake ya dhahiri, wala halipelekwi kwenye majazi ila iwepo karina ya kulipeleka huko. Ukisema umemwona simba, ni simba wa mwituni. Ukisema umemwona simba akihutubu mimbarini, hapo kuhutubu kwake ndiko karina, nasi twafahamu kuwa wamkusudia mtu shujaa. Tumejaribu kuzisoma picha kwa kanuni hiyo hiyo, na hatukuona kanuni bora kuliko hiyo.

Tuchukue picha ya jamaa ya Sylvester Rawding, iliyopigwa mwaka 1886 kaskazini ya mahali paitwapo Sargent. Jamaa wako mbele ya nyumba yao ya udongo, wametoa meza nje, na juu ya meza pana tikitimaji. Wanyama wao wa kazi wako kando, na juu kabisa, kama kwamba amesimama paani, yuko ng'ombe. Binti yetu alipomwona ng'ombe yule alicheka mpaka kitabu kikamtoka mkononi. Sasa, mtu wa mafumbo atasema ng'ombe amewekwa juu kuonyesha kuwa mali yapanda juu ya watu. Lakini nyumba ile ilichimbwa ubavuni mwa kilima, na mgongo wa kilima waungana na paa. Ng'ombe yuko malishoni kwake. Hapana karina, basi ng'ombe ni ng'ombe.

Ama tikitimaji ni jambo jingine. Meza haitoki nje kwa miguu yake, wala tunda halipandi mezani lenyewe. Watu walilibeba, wakaliweka mahali ambapo kamera italiona. Tena yatupasa kukumbuka kuwa picha hizi zilikuwa zikipelekwa kwa jamaa waliobaki mashariki ya nchi, ambao wengine waliwaambia wasafiri wale kuwa wanakwenda kufa njaa jangwani. Tikiti lile ni jawabu: ardhi hii yazaa, nasi tunakula. Twaona pia kuwa chini ya sheria ile ya miaka mitano, jamaa waliosimama mbele ya nyumba na wanyama na mazao walikuwa wakionyesha yale yale yaliyotakiwa na sheria, kwamba wamejenga na wamelima.

Iliyo wazi zaidi ni picha ya jamaa ya David Hilton, karibu na Weissert. Humo mume na mke na watoto wamo uani penye mifugo, na katikati yao pana kinanda kikubwa cha kukanyagia, kile cha sebuleni. Habari yake imehifadhiwa pamoja na picha: mama wa nyumba alitaka jamaa zake wa mbali waone kuwa wanacho kinanda, lakini aliona haya waione nyumba ya udongo. Basi kinanda kikatolewa mlangoni na kuburutwa mpaka uani, picha ikapigwa, kisha kikarudishwa ndani. Hapa hatuna haja ya kukisia, mwenyewe amekwisha sema. Na tazameni lililo la ajabu: katika picha hii kitu kikubwa ni kile kisichokuwamo, yaani nyumba. Twawajua wanawake wa kwetu ambao mgeni akija huazima vikombe kwa jirani, nao si waongo. Wamlinda mume na wazee wao wasisemwe.

Wako pia akina dada wanne wa jamaa ya Chrisman, waliopigwa mwaka 1886 mbele ya nyumba ndogo ya udongo, na farasi wao wakiwa na matandiko. Sheria ile ilimruhusu mwanamke asiyeolewa aliyetimiza miaka 21 kujitwalia ardhi kwa jina lake. Dada watatu wakubwa walipata. Mdogo, alipofika umri, ardhi ya karibu ilikuwa imekwisha. Farasi wale waliotandikwa twawasoma kuwa ni alama ya watu wanaojiendea wenyewe, wala hatudhani tumezidisha.

Lakini ziko picha nyingi katika kitabu hiki ambazo nyuma ya jamaa hapana kitu ila majani mpaka mwisho wa jicho. Hapo ndipo tuliposimama muda mrefu. Mtu husema, tazama nchi tupu waliyoikuta. Haikuwa tupu. Wapawnee walikaa na kuwinda katika nchi hizo vizazi kwa vizazi, na ilikuwa katika miaka ya 1870, miaka kumi tu au zaidi kidogo kabla ya picha hizi, walipohamishwa kwenda kusini katika nchi inayoitwa sasa Oklahoma. Wilaya yenyewe imepewa jina la jemadari Custer, aliyeuawa mwaka 1876 akipigana na Walakota na Wacheyenne. Utupu ule basi ulitengenezwa, kama ulivyotengenezwa ule uwanja wa kinanda. Jamaa waliosimama pale huenda hawakukusudia lo lote; walisimama mbele ya shamba lao. Ila picha husema hata yale ambayo mwenye picha hakuyakusudia.

Jambo hili la kusoma picha si la mchezo, nasi tumeliona likiwatia watu matatani katika jamaa yetu wenyewe. Babu yetu aliyemzaa baba alikuwa na wake wawili. Ipo picha yake moja iliyopigwa Tanga kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, ameketi kitini kwa kanzu na koti, na watoto wawili wa kiume wamesimama kushoto na kulia kwake. Nyuma yao pana bustani nzuri: mti mkubwa wa kivuli, ngazi za mawe zenye nguzo pande zote mbili, na mbali yaonekana maji kama ziwa. Alipofariki baba mkubwa, baadhi ya watoto wake walisema kuwa babu alikuwa na shamba lenye jumba la mawe, na kwamba upande wa mke mdogo walilificha na kuliuza ili lisiingie katika mirathi. Ushahidi wao ulikuwa ni picha ile. Aliyeelekezewa kidole alikuwa shangazi yetu, mtoto wa mwisho wa mke mdogo, mwanamke mzee aishiye kwa kusuka ukili. Kumwambia mtu kuwa amekula mirathi ya mayatima si neno dogo kwa Waislamu. Idi mbili zilipita hapana aliyekwenda kumpa mkono kutoka upande ule.

Picha ikaletwa kwetu kwa kuwa sisi ndio maalimu wa jamaa. Tuliitazama kwa kioo cha kukuzia. Kivuli cha kiti cha babu kilianguka kushoto, na kivuli cha mti wa bustani kilianguka kulia, kama kwamba kuna majua mawili. Chini, majani ya bustani yalikatika kwa mstari mmoja ulionyooka, na baada ya mstari ule ikaanza sakafu ya saruji yenye ufa. Na ule mti haukuwa mwembe wala mkwaju wala msufi, wala mti wo wote wa pwani tunaoujua. Hata hivyo hatukutosheka na macho yetu. Tulikwenda katika nyumba mbili za watu wa zamani hapo mjini, tukaomba kwa adabu tuonyeshwe picha za wazee wao. Katika moja tulimkuta mzee wa Pangani ameketi mbele ya mti ule ule na ngazi zile zile. Katika ya pili tuliwakuta bwana arusi na ndugu zake, na ziwa lile lile nyuma yao.

Lilikuwa pazia. Wapiga picha wa zamani, huko Ulaya na kwetu pia, walikuwa na mapazia ya nguo yaliyochorwa bustani na misitu na ngazi, wakiyatundika nyuma ya kiti. Mtu aliyetoka sokoni na vumbi miguuni aliketi mbele ya bustani ya Ulaya kwa dakika chache, akalipa, akaondoka. Wala si kosa la babu, na hatudhani alitaka kumdanganya mtu. Bustani ilikuwa ya kila mteja, kama kiti.

Tulipomweleza shangazi, yeye hakushughulika na bustani hata kidogo. Aliweka kidole juu ya kofia ya babu, akasema, “Hii kofia ya viua, mwanangu, mama aliitia mkono mwaka mzima, na alipoimaliza macho yalikuwa yamemwuma.” Basi katika picha nzima, kile kilichokuwa cha babu kweli, tena chenye habari ndani yake, kilikuwa kitu kidogo kuliko vyote, nacho hapana aliyekitazama. Mkubwa wa ndugu zetu wale alikwenda kwa shangazi Ijumaa iliyofuata akamtaka radhi. Mwingine hajakwenda mpaka leo tunapoandika, naye husema kuwa pazia nalo huchorwa kwa mfano wa kitu.

Turudi Nebraska, maana ipo picha moja iliyotushughulisha kuliko nyingine. Ni ya mwaka 1887, karibu na Westerville, ya jamaa ya Jerry Shores, watu weusi waliokaa mbele ya nyumba yao ya udongo. Jerry Shores alizaliwa utumwani. Utumwa ulipokwisha Marekani mwaka 1865 alikuwa mtu huru, na baadaye akaja kuchukua ardhi hapa Custer. Kando ya ardhi yake walichukua ardhi ndugu zake wawili. Mmoja aliitwa Moses Speese, na wa pili Henry Webb. Msomaji atastaajabu: ndugu watatu, na majina matatu ya ukoo. Sababu ni kuwa kila mmoja alikuwa na jina la bwana aliyemmiliki, nao walikuwa wamemilikiwa na mabwana mbalimbali.

Tuliposomewa haya tulinyamaza. Sisi tuliosoma Qurani twajua jinsi dini ilivyolishika jambo la nasaba, na jinsi Zaid bin Haritha, aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad, alivyorudishiwa jina la babake baada ya kushuka amri katika Sura ya al-Ahzab. Na sisi wa pwani twajua zaidi ya hayo, maana bahari yetu pia ilipitisha watumwa, na wako watu miongoni mwetu ambao ukiwauliza jina la babu wa tatu hutazama chini. Si vizuri Mwislamu kulizungumza la Marekani akasahau la mlangoni kwake.

Sasa itazameni picha ile tena. Wenye mapenzi ya mafumbo watatafuta katika mikono na mavazi. Sisi twaona kuwa fumbo, kama lipo, liko katika kule kukaa kwao pale. Nyuma yao pana nyumba waliyoijenga kwa ardhi ile ile iliyo chini ya miguu yao, na ng'ambo ya mpaka ni shamba la ndugu, na ng'ambo yake la ndugu mwingine. Majina yaliwatenganisha, wao wakayapanga mashamba yao yagusane. Hilo halionekani ndani ya picha, kwani kamera haikuweza kuyachukua mashamba matatu pamoja. Lakini asiyelijua hajui anatazama nini.

Wale wanaoyahifadhi mabamba haya sasa wameyapitisha katika mitambo mipya, na katika baadhi yake milango iliyokuwa kama shimo jeusi imefunguka, yakaonekana yaliyomo ndani. Vitu hivyo vilikuwamo katika kioo zaidi ya miaka mia moja bila mtu kuviona. Tena twajua kuwa Butcher mwenyewe mara nyingine alikwaruza bamba akachora kwa mkono wake kitu ambacho hakikuwako. Kwa hivyo atakayesoma picha zake asimwamini kwa yote, wala asimtupe kwa hayo machache.

Picha ya mwisho tuliyoitazama na wanafunzi wakubwa wa madrasa yetu ni ya jamaa ya Harvey Andrews, ya mwaka 1887, karibu na New Helena. Jamaa hawa hawakupigwa mbele ya nyumba, wala hawakutoa meza wala kinanda. Wamesimama uwandani kandokando ya kaburi la mtoto wao, Willie, aliyekufa akiwa na miezi 19. Tuliwauliza wanafunzi wanaona nini. Kijana mmoja alianza kueleza kuwa majani ni uhai na kaburi ni mauti, na alikuwa akisema vizuri. Msichana aliyeketi nyuma, ambaye nduguye mdogo alizikwa Rajabu iliyopita, akauliza kwa nini hawakungoja wapigwe nyumbani kama wenzao. Kabla hatujajibu akajijibu mwenyewe, kuwa walitaka wawemo wote. Yule kijana akaketi. Tukakifunga kitabu, maana adhana ya Alasiri ilikuwa imekaribia na wengine walikuwa bado hawajatawadha.